Fadhila ya Kiasi na Simu ya Mkononi

Fadhila kuu za kiutu ni nne: busara, haki, nguvu na kiasi. Watoto wa mafundisho huzitaja kwa mfululizo, na ile ya nne mara nyingi hutajwa kwa sauti ndogo, kama msafiri anayetua mzigo wake wa mwisho. Kosa hilo si la watoto peke yao. Wakubwa nao hudhani ya kuwa kiasi ni fadhila iliyowekwa kwa ajili ya walevi na walafi, na kwamba asiyekunywa kasiksi kupita haki amekwisha kuitimiza. Lakini Kanisa limefundisha siku zote kwamba kiasi hutawala kila tamaa ya kujifurahisha, ile ya kinywa na ile ya mwili, na pia ile ya macho na masikio. Na siku hizi hakuna chombo kinachoyaita macho na masikio ya Mkristu mara nyingi kuliko simu iliyomo mfukoni mwake.

Mumosho iko upande wa kusini wa Bukavu, juu ya mto Ruzizi, mahali ambapo mto huo, ukiisha kutoka katika Ziwa Kivu, unashuka kwa nguvu kuliendea Ziwa Tanganyika. Tangu mwaka 1989 maji hayo yanazungusha mitambo ya Ruzizi II, na umeme wake hugawiwa kwa nchi tatu, yaani Kongo, Rwanda na Burundi. Maji ni yale yale ya siku zote. Waliojenga hawakuyaumba, wala hawakuyakausha; waliyawekea ukuta na milango, ili yapite kwa kipimo na mahali panapotakiwa. Mto usio na ukuta hauwashi taa hata moja. Na ukuta usio na mlango ungeharibu mto wote bila faida.

Yohane Kasiano, aliyeishi kati ya wamonaki wa jangwa la Misri zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, aliandika mafundisho aliyoyapata kwa mzee mmoja aliyeitwa Baba Musa. Mzee huyo aliifananisha akili ya mtu na kinu kinachozungushwa na maji. Maji yakisukuma, jiwe halina budi kuzunguka, na mwenye kinu hawezi kulizuia. Jambo lililo chini ya mamlaka yake ni hili tu: atie nini kati ya mawe, kama ni ngano, au shayiri, au magugu. Kinu kitasaga chochote kitakachotiwa, na usiku nyumba itakula unga wa kitu hicho. Mkristu wa Mumosho hahitaji kuchorewa picha ili aufahamu mfano huu.

Yafaa kusema kwanza mema ya chombo chenyewe, kwa maana mwalimu asemaye mabaya tu hasikilizwi, na zaidi ya hayo hasemi kweli. Kwa simu mzazi hupata habari za mwanawe aliye kwenye machimbo ya dhahabu ya Kamituga, au aliyekimbilia Bujumbura, au anayesoma Kampala. Mwezi wa Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipouteka mji wa Bukavu na benki zikafunga milango, nyumba nyingi zilipata fedha ya chakula na ya dawa kwa njia ya simu tu. Mashirika ya Kikristu hutangaza kwa simu saa ya sala na nyumba ya kilio. Mgonjwa asiyeweza kufika kanisani hufuata Rozari kwa simu iliyo juu ya mto wake. Anayewaambia watu hawa watupe simu mtoni, hajui maisha yao.

Kwa hiyo fundisho la kiasi haliwezi kuwa fundisho la kukata. Wakongo walikwisha kukatiwa. Uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 ulipomalizika, serikali ilifunga intaneti katika nchi nzima kwa muda wa siku karibu 20. Je, watu waliokuwa watumwa wa simu walipata fadhila ya kiasi kwa siku hizo 20? La. Mlevi aliyefungwa gerezani hajawa mwenye kiasi. Amekosa chupa tu, na siku ya kufunguliwa miguu yake yaijua njia. Fadhila hukaa katika utashi. Mwenye kiasi ni yule ambaye mlango uko wazi mbele yake, naye anajua saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Katika mafundisho ya jioni swali moja hurudi daima, nalo lahitaji jibu lililo wazi.

Swali: Je, ni dhambi Mkristu kuwa na Facebook, WhatsApp au TikTok?
Jibu: La, si dhambi. Hivyo ni vyombo, navyo vyaweza kutumiwa vema au vibaya.

Swali: Basi dhambi huanzia wapi?
Jibu: Huanzia pale mtu anapojua ya kuwa wajibu wake unamngoja, naye akauacha kwa hiari yake; na pale anapojitafutia yale yanayouchafua moyo wake; na pale anapomdhuru jirani kwa yale anayoyaandika au kuyapeleka.

Swali: Na yule anayetaka kuacha lakini hawezi?
Jibu: Huyo asihukumiwe upesi. Kadiri mazoea yanavyomfunga mtu, ndivyo hiari yake inavyopungua. Lakini ana wajibu wa kutafuta msaada maadamu bado aweza kuutafuta.

Jibu hilo la tatu lina sababu yake, na vijana wanastahili kuijua, maana wengi wao hujilaumu bure kana kwamba ni wao peke yao walio dhaifu. Facebook, TikTok na YouTube hupata mali yao hasa kwa matangazo ya biashara, na bei ya tangazo hutegemea macho ya watu. Dakika ya macho ni bidhaa. Kwa hiyo wataalamu wengi, wenye elimu kubwa na mishahara mikubwa, hufanya kazi usiku na mchana ili jicho lisiondoke. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho, yaani ule unaoendelea kushuka kila kidole kinapousukuma. Baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani ya kuwa anajuta. Zamani kitabu kilikuwa na ukurasa wa mwisho, gazeti lilikuwa na nyuma, na hata mtungi wa kasiksi una sakafu yake. Ukurasa huu hauna.

Tena kuna jambo ambalo mwalimu B. F. Skinner wa Marekani alilichunguza miaka mingi kabla ya simu hizi. Alimweka njiwa mbele ya kitufe. Njiwa aliyepewa nafaka kwa hesabu iliyo sawa daima alikidona, kisha akapumzika. Lakini yule aliyepewa nafaka bila hesabu inayojulikana, mara baada ya kudona mara mbili, mara baada ya hamsini, huyo alidona na kudona bila kupumzika. Simu humfanyia mtu vivyo hivyo. Mara ishirini hufunguliwa na hamna kitu. Mara ya ishirini na moja kuna salamu ya mpenzi, au sifa ya picha iliyotumwa jana. Mkono hujifunza kurudi. Na mkulima wa Mumosho hulipa mara mbili: hununua mega kwa faranga zake, kisha hutoa saa zake bure.

Kwamba mambo haya yanaugusa pia uzima wa akili, wakubwa wa dunia wameanza kulikubali. Mwezi wa Mei 2023 mganga mkuu wa serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alitoa onyo kwa wazazi wa nchi yake. Kati ya mengine alikumbusha uchunguzi uliofanywa huko juu ya vijana wa miaka 12 hadi 15: waliotumia zaidi ya saa 3 kwa siku katika mitandao walikuwa na hatari maradufu ya kupatwa na huzuni nzito na wasiwasi. Tangu tarehe 10 Desemba 2025 sheria ya Australia inazikataza kampuni za mitandao mikubwa kuwafungulia akaunti watoto wasiotimiza miaka 16. Hao si watawa, wala hawakutafuta kuhubiri kiasi.

Lakini Kanisa lilikuwa na habari za macho zamani sana, tena kutoka Afrika. Mtakatifu Agustino, katika kitabu chake cha Maungamo, anasimulia habari za rafiki yake Alipio, mtu wa Tagaste kama yeye. Alipio alikwenda Roma kusoma sheria. Alichukia michezo ya wapiganaji waliouana mbele ya watu. Siku moja rafiki zake wakamkuta njiani wakamvuta kwa nguvu hadi uwanjani. Yeye akawaambia ya kuwa wanaweza kuuketisha mwili wake pale, lakini si macho yake wala moyo wake, akafumba macho. Laiti angaliziba na masikio! Mpiganaji mmoja alianguka, uwanja mzima ukapiga kelele, naye Alipio akashindwa na hamu ya kujua. Akafumbua macho, akidhani ya kuwa atatazama na kudharau. Agustino asema ya kuwa rohoni mwake alipata jeraha kubwa kuliko lile la mpiganaji mwilini. Hakutoka mtu yule yule aliyeingia. Akarudi tena siku nyingine, si kwa kuvutwa, bali yeye akiwavuta wenzake.

Simulizi hilo lingeweza kuandikwa usiku wa leo. Kelele ya uwanja imekuwa mlio mdogo ndani ya mfuko, na damu ni ile ile. Tarehe 27 Februari 2025 mabomu yalilipuka katika mkutano kwenye Uwanja wa Uhuru mjini Bukavu. Watu waliuawa na wengi walijeruhiwa. Siku hiyo hiyo picha za maiti na za watu waliokatika viungo zilikuwa katika simu za watoto. Kuzika wafu ni tendo la huruma ambalo kila mkatekumeni amelisoma. Basi ni tendo gani kumchukua marehemu ambaye hajazikwa, ambaye mama yake hajapata habari, na kumtembeza uchi kutoka kundi hadi kundi? Anayepeleka picha hiyo husema, "Nataka watu wajue." Lakini habari ya kifo yaweza kujulikana kwa maneno. Uso wa maiti ni wa jamaa yake.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo zima kwa Wakristu wa Kivu. Mhubiri wa Ulaya akisema juu ya simu, hulalamika kwa sababu ya vijana wanaopoteza wakati katika michezo na mavazi. Michezo na mavazi viko Mumosho pia. Kuna binti anayeziona picha za wenzake walio Bruselsi na kuuona mlima wake kuwa gereza, na kijana anayeuza mbuzi wa mama yake ili anunue simu inayofanana na ya mwingine. Kijicho ni kijicho, na dawa yake yajulikana. Lakini jeraha kubwa la nchi hii liko kwingine. Liko katika saa za usiku, kwa watu wazima wenye akili timamu, wanaotazama simu kwa hofu wala si kwa anasa.

Uchukuliwe mfano wa mama mmoja, wa aina inayopatikana katika kila shirika. Jioni risasi zimesikika mbali. Watoto wamelala. Yeye amelala ubavu, simu ikimwangazia uso, akipita kutoka kundi la shirika hadi kundi la wauzaji wa soko, na kutoka hapo hadi kundi la ukoo. Saa sita ya usiku inafika sauti ya mwanamume asiyejulikana. Yasema kwamba wapiganaji wanashuka, watafika kabla ya alfajiri. Hasemi ni wapi hasa, wala ni nani aliyewaona. Mama yule anaipeleka sauti hiyo kwa makundi manne, kwa sababu anawapenda watu wake. Saa tisa njia imejaa watu wenye magodoro kichwani, katika mvua. Bibi kizee anateleza kwenye udongo na kuvunjika nyonga. Asubuhi inafika, na hakuna aliyeshuka; sauti ile ilikuwa ya mwaka uliopita, na ya mahali pengine.

Je, mama yule alisema uongo? La, aliamini aliyoyapeleka. Je, alikuwa na nia mbaya? Hata kidogo. Lakini amri ya nane haimkatazi mtu kusema uongo tu; inamtaka pia aichunge kweli, na kweli haichungwi na mwenye haraka. Busara ilimtaka aulize maswali matatu kabla ya kidole kugusa: Nani ameona? Wapi? Lini? Kama hakuna jibu, habari hiyo ifie mkononi mwake. Kinyume chake pia ni kweli, nacho kisisahauliwe: aliyeona kwa macho yake hatari inayokuja, na kukaa kimya kwa kuogopa kusumbua watu, amekosa upendo. Simu imekwisha kuokoa watu katika vijiji vya Kivu. Basi shahidi na aseme, aliyesikia tu na anyamaze. Afadhali ampigie simu mkuu wa shirika au mkuu wa kijiji, mtu mmoja anayeweza kuuliza, kuliko watu mia mbili wasioweza kufanya chochote ila kukimbia.

Vibaya zaidi ni sauti zile zinazotaja kabila. Huanza kwa habari ya wezi au ya waasi, na kabla ya dakika moja kwisha zimekwisha kuwahukumu watu wote wenye jina fulani au sura fulani. Monsinyori Christophe Munzihirwa, Askofu Mkuu wa Bukavu, aliyeuawa katika mji huo tarehe 29 Oktoba 1996, alikuwa amewatetea wakimbizi na wenyeji pamoja, akakataa kabila lolote kubebeshwa kosa la watu wake wachache. Mkristu anayepeleka mbele sauti ya chuki, hata akiongeza chini yake kwamba "nimepokea hivi tu", ameungana na aliyeitunga. Ikiwa ameipeleka kwa watu mia, akiisha kuungama imempasa pia kuwaambia hao mia, katika kundi lile lile, ya kuwa ile habari haikuwa ya kweli au haikuwa ya haki. Malipizi ya masingizio ni hayo, na hayafanyiki kimya kimya.

Basi mtu hupata nini katika usiku wa namna ile? Huamka amechoka kuliko alivyolala. Mikono hutetemeka juu ya jembe. Mtoto akilia, hupigwa. Sala ya asubuhi haina maneno. Moyo wa mtu haukuumbwa kubeba vifo vya dunia nzima katika usiku mmoja. Bwana wetu, alipotaka kufundisha jirani ni nani, alisimulia habari za Msamaria aliyemwona mtu mmoja aliyejeruhiwa katika njia aliyokuwa akipita. Alikuwa na mafuta, na divai, na mnyama wa kumpandisha, na dinari mbili za mwenye nyumba ya wageni. Alimkaribia. Aonaye majeruhi mia moja kwa kidole kinachopita, asiweze kumkaribia hata mmoja, huruma yake hukosa mikono, na huruma isiyo na mikono hugeuka kuwa woga, na baadaye ganzi. Ndiyo maana mtu aweza kulia usiku kwa ajili ya maiti wa Masisi, na mchana asiutambue unyonge wa jirani aliye nyuma ya mgomba wake.

Wazee wa jangwani walikuwa na jina la uchovu huu. Evagrio wa Ponto, aliyekufa mwaka 399 huko Misri, alieleza pepo anayemjia mmonaki kuanzia saa nne hadi saa nane ya mchana. (Saa zile zilihesabiwa tangu mapambazuko, sawasawa na hesabu ya Kiswahili, hata msomaji hana haja ya kugeuza chochote.) Pepo huyo hulifanya jua lionekane limesimama. Humfanya mmonaki aangalie dirishani, atoke nje ya kibanda, apime kama saa tisa ya kula imekaribia, atazame huku na huku kama labda ndugu fulani anakuja. Kazi humchukiza, mahali pake humchukiza, na huona ya kuwa upendo umekwisha kati ya ndugu. Simu ni dirisha la mmonaki yule, ila hili la sasa humfuata hadi kitandani. Wazee walishauri kukaa: abaki kibandani, kazi ya mikono isimame mbele yake, sala iwe fupi na irudiwe mara nyingi. Shauri hilo bado lafaa kwa mwenye shamba, kwa mwenye cherehani na kwa mwanafunzi.

Lakini si kila uchovu ni kishawishi. Mtu asiyelala kwa majuma, anayeshtuka kwa kila mlio, anayeona tena na tena yale aliyoyaona, au anayetamani kufa, huyo ni mgonjwa kama mwenye malaria alivyo mgonjwa. Asiambiwe ya kuwa imani yake ni haba. Kuna kituo cha SOSAME mjini Bukavu kinachotunza wagonjwa wa akili, na muuguzi wa zahanati aweza kumwonyesha njia. Padri humwondolea dhambi katika kitubio. Hampi dawa ya usingizi, wala haitakiwi ampe. Jamaa zake wamsindikize, wala wasimwache aende peke yake.

Kwa wale wenye nguvu ya kujitawala, Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliacha njia moja nyepesi, nayo ni utafiti wa dhamiri juu ya kosa moja tu. Asubuhi mtu huazimia kulichunga kosa hilo. Adhuhuri hujiuliza ameanguka mara ngapi, na kutia nukta katika mstari wa daftari kwa kila mara. Jioni hufanya vilevile katika mstari wa pili. Kesho hulinganisha na leo, na juma hili na lile. Mwenye simu na ahesabu jambo moja: mara ngapi mkono umeifuata simu bila simu kuita. Hesabu ya siku ya kwanza itamwaibisha, na aibu hiyo ina faida. Asiahidi makubwa. Anayeapa Jumatatu kuacha kabisa, huvunja kiapo Jumatano na kukata tamaa Alhamisi; aliyeshuka kutoka nukta sitini hadi hamsini ameanza kweli.

Mfano wa karibu upo. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyezaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano, akafa kwa ugonjwa wa damu tarehe 12 Oktoba 2006, akiwa na miaka 15. Alijua sana kazi ya kompyuta, akaitumia kuwajulisha watu miujiza ya Ekaristi. Alipenda pia michezo ya elektroniki kama wenzake. Basi akajiwekea sheria: saa moja tu kwa juma. Hakumwekea mwingine sheria hiyo, wala hakungoja awekewe. Mtu aliyezaliwa ndani ya wingi wa vyombo alitengeneza mlango, akashika ufunguo mwenyewe.

Papa Fransisko naye alipozungumza na vijana wa Kongo katika Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, aliwaambia waitazame mikono yao. Kidole gumba kilikuwa sala, cha pili jumuiya, cha kati uaminifu, cha nne msamaha, kidogo utumishi. Akisema juu ya jumuiya aliwaonya juu ya kukaa saa nyingi mbele ya simu, akawaambia ya kuwa anayetoka huko huonekana hana tabasamu, macho yake yamechoka. Wengi waliokuwa uwanjani walikuwa wakimsikiliza huku wameinua simu. Si vibaya, walitaka kumpelekea mama nyumbani. Lakini inafaa kukumbuka ya kuwa vidole vile vile vitano ndivyo vinavyoshika simu, na vikiwa vimeishika haviwezi kushika mkono wa mtu.

Nyumbani sheria na iwe moja kwa wote. Baba anayemnyang'anya mwanawe simu wakati wa chakula, kisha akaisoma yake nyuma ya sahani, atasikia neno asilopenda: "Na wewe je, baba?" Kuna nyumba zilizoweka kikapu mlangoni, simu zote huingia humo kabla ya sala ya jioni, ya baba ikitangulia, na hutoka humo asubuhi baada ya ishara ya msalaba. Watu wa nyumba hizo wamesema ya kuwa juma la kwanza lilikuwa la ugomvi na la pili la kimya. Katika la tatu watoto walianza kuomba hadithi, na bibi aliyekuwa amesahauliwa pembeni ya moto akawa na kazi tena.

Wapo watakaosema ya kuwa fundisho hili ni rahisi kwa asiye na mtu mbali. Mama ambaye mwanawe yuko shimoni Kamituga, au binti yake ana mimba ya miezi minane ng'ambo ya mto, atawezaje kuiweka simu kikapuni usiku, katika nchi yenye vita? Neno lake ni la haki, wala asiwekewe mzigo asioweza kuubeba. Yeye hangoji mitandao, anangoja sauti ya mtu mmoja. Simu nyingi za siku hizi zina namna ya kunyamazisha makundi yote na kuziachia namba chache zilizochaguliwa ziite. Mama hakufundishwa, ndiyo sababu hulala na dunia nzima ili asimkose mwanawe. Katekista anayeijua namna hiyo na abaki nje ya kanisa baada ya Misa ya Jumapili, awafanyie wamama mmoja mmoja. Au mjukuu na amfanyie bibi yake jioni hii, kabla simu haijaingia kikapuni. Ni kazi ya dakika tano.